Joto Huwaangusha Wenye Nguvu



Fikirini kwamba leo ni siku ya mchezo. Timu ya wanafunzi imeondoka Bukavu alfajiri, imeshuka mtelemko wa Ngomo kwa motokari, imepita tambarare ya Ruzizi, nayo imefika Uvira mnamo saa tano. Kule Bukavu, penye mwinuko wa mita 1,500 hivi, vijana waliondoka wamevaa masweta. Huku Uvira, kando ya ziwa Tanganyika, pasipofika mita 800, hewa ni nzito na jua ni kali. Mchezo waanza saa saba ya mchana, kwa sababu motokari lazima irudi kabla ya usiku.

Katika timu hiyo yumo kijana mmoja anayesifiwa kuliko wote. Hajui kuchoka, wala hapendi kupumzika. Kipindi cha pili kinapoendelea, anaanza kuyumba. Wenzake wanamwita, naye anajibu maneno yasiyo na maana. Anapiga mpira kuelekea lango la timu yake mwenyewe, na watazamaji wanacheka. Punde si punde anaanguka. Hapo hakuna anayecheka tena.

Mmoja anasema, “Ni malaria.” Wa pili anasema, “La, ni kifafa.” Mama mmoja anakuja na ndoo ya maji, lakini mzee anamzuia: “Mama, usimmwagie! Mwili huu una moto. Maji ya baridi yatamwua.” Basi wanamfunika kwa shuka, wanatafuta motokari, wanamtafuta dereva, wanabishana juu ya hospitali ya kumpeleka. Nusu saa inapita.

Nusu saa hiyo ndiyo inayoamua kama kijana yule atarudi kwa mama yake. Kwa hiyo leo tuyachunguze mambo mawili: kwanza, kwa nini joto lamwangusha mwenye nguvu kuliko wote, pili, nani alikuwa na haki, mzee au mama mwenye ndoo.

MOTO UTOKAO NDANI

Wengi hudhani kwamba joto linalomwangusha mfanyakazi latoka juani tu. Sivyo. Sehemu yake kubwa yatoka ndani ya mwili wake mwenyewe. Misuli inapofanya kazi hutumia chakula, kama vile jiko litumiavyo makaa. Lakini katika nguvu yote ipatikanayo, robo moja tu, au hata pungufu, ndiyo inayotumika kukimbia, kulima au kuinua mzigo. Robo tatu na zaidi yageuka kuwa joto. Ndiyo maana mtu anayepasua kuni asubuhi yenye baridi huvua koti lake baada ya muda mfupi.

Mwili wetu hutaka kukaa katika joto la digrii 37 hivi. Ili kuliondoa joto lililozidi, damu hulichukua kutoka kwenye misuli na kulipeleka kwenye ngozi. Kisha ngozi hutoa jasho, na jasho hilo likikauka hewani huondoka na joto. Shikeni sana neno hili: likikauka. Jasho linalodondoka chini halikupozi. Kwa hiyo siku ya mawingu yenye unyevu mwingi, kama zile wazijuazo watu wa Kindu na Kongolo wakati wa mvua, yaweza kuwa na hatari kuliko siku ya jua yenye upepo mkavu. Mama wa nyumbani ana kipimo chepesi: siku ambayo nguo zilizoanikwa kivulini hazitaki kukauka, jasho la mumewe shambani nalo halitakauka upesi.

Sasa mtaelewa kwa nini wenye nguvu huanguka. Mzee akichoka huketi. Mgonjwa hubaki nyumbani. Bali kijana hodari, mwenye misuli mikubwa, huwasha moto mkubwa ndani mwake, na fahari yake haimruhusu kuupunguza.

MABINGWA WAWILI

Tarehe 14 Julai 1912 ilifanyika mbio ya maratoni katika Michezo ya Olimpiki ya Stockholm, nchini Swideni. Siku ile joto lilikuwa kubwa, jambo lisilo la kawaida katika nchi ile ya kaskazini, na karibu nusu ya wakimbiaji walishindwa kumaliza. Miongoni mwao alikuwako Francisco Lázaro, seremala wa Lisbon, bingwa wa Ureno. Yasimuliwa kwamba alijipaka mafuta mazito mwili mzima ili jua lisimchome. Mafuta hayo yakaziba njia ya jasho. Alianguka baada ya kukimbia kilometa 30 hivi, na kesho yake akafa hospitalini.

Miaka 42 baadaye, tarehe 7 Agosti 1954, mjini Vancouver nchini Kanada, Mwingereza Jim Peters aliingia uwanjani akiwa amewaacha wenzake kwa dakika kama 17. Wakati ule hapakuwa na mkimbiaji wa maratoni mwenye mbio kumpita. Zilibaki mita mia chache tu. Akaanguka, akainuka, akatembea kama mlevi, akaanguka tena na tena mbele ya watu maelfu. Mwishowe wasaidizi walimchukua kabla hajaumaliza mwendo. Yeye alipona, lakini hakushindana tena maishani mwake.

Watu hawa wawili hawakuwa dhaifu. Kama joto liliwashinda mabingwa hawa, mwanafunzi wetu asione haya kupumzika.

MWILI HUFUNDISHWA POLEPOLE

Katika miaka ya 1920, wachimbaji wa dhahabu wa Witwatersrand, Afrika Kusini, walianza kufa kwa joto. Migodi ilikuwa imechimbwa kwenda chini sana, na kule chini mwamba wenyewe ni wa moto, tena hewa imejaa unyevu. Madaktari wa migodi walitambua kwamba hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa watu wapya, katika siku zao za kwanza za kazi. Basi kukawekwa desturi ya kuwazoeza kidogo kidogo: mtu mpya alipewa kazi nyepesi kwanza, huku akiangaliwa, ndipo akaongezewa siku kwa siku.

Sababu yake yajulikana vizuri leo. Mtu akifanya kazi katika joto kila siku, mwili wake hujifunza. Jasho huanza kutoka mapema, huwa jingi zaidi, na chumvi iliyomo hupungua. Maji ya damu huongezeka, na moyo haupigi tena kwa kasi kama siku ya kwanza. Masomo haya huchukua juma moja hadi mawili. Lakini mwili husahau pia: mtu akikaa majuma machache bila kazi ya joto, kwa sababu ya likizo, safari au ugonjwa, hana budi kuanza tena.

Kwa mtu mpya, kanuni ni hii: siku ya kwanza afanye sehemu moja tu katika tano ya kazi ya kawaida, kila siku inayofuata aongezewe sehemu moja, siku ya tano aweza kufanya kazi nzima, huku wenzake wakizidi kumwangalia. Haba na haba hujaza kibaba.

Mwone tena kijana wetu wa Bukavu. Mapafu yake yalikuwa mazuri na miguu yake hodari, lakini mwili wake haukupewa hata siku moja ya kujifunza joto la Uvira. Timu itokayo mlimani ikishindwa kufika siku kadhaa kabla, basi ichezwe saa kumi na kuendelea, wachezaji wabadilishwe mara kwa mara, na vipindi vifupishwe.

SAA, MAJI NA CHUMVI

Kuhusu saa. Kazi nzito, kama kulima, kufyatua matofali au kubeba mawe ya ujenzi, ifanywe tangu alfajiri hadi saa nne, kisha kuanzia saa kumi ya jioni. Isipowezekana, watu wapumzike kivulini mara nyingi. Mapumziko mengi mafupi hufaa kuliko pumziko moja refu ambalo mtu hulingojea hadi nguvu zimekwisha.

Kuhusu maji. Anayefanya kazi nzito katika joto aweza kutoa lita moja ya jasho kwa saa, au hata zaidi. Haifai kungoja kiu kali. Anywe kikombe kimoja, yaani robo ya lita, kila baada ya dakika 15 au 20. Lakini asipite lita moja na nusu kwa saa, kwa maana maji mengi kupita kiasi huipunguza chumvi katika damu, nayo ni hatari nyingine. Mkojo wa rangi hafifu waonyesha kwamba maji yatosha. Ukiwa wa manjano iliyokolea, maji yamepungua. Ukiwa mweusi kama chai baada ya kazi nzito, nenda kwa daktari siku hiyo hiyo, kwa kuwa yawezekana misuli imeharibika na figo zimo hatarini.

Kuhusu chumvi. Mtu anayekula vizuri nyumbani hupata chumvi ya kutosha katika mboga na samaki wake. Yule aliyetoka jasho kwa saa nyingi anaweza kutengeneza kinywaji hiki: lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Asizidishe chumvi akidhani itamfaa zaidi. Pombe haizimi kiu ya kazi. Huukausha mwili na kuiondoa akili ambayo ingemwambia mtu apumzike.

Kuhusu mavazi. Nguo ziwe nyepesi, pana, za rangi nyeupe au hafifu, na kofia iwe pana. Wako vijana wanaokimbia wamevaa makoti au wamejifunga plastiki ili wapunguze unene. Wanachopunguza ni maji tu, nao wanajifungia jasho kama Lázaro alivyofungiwa na mafuta yake.

Kuhusu wagonjwa. Mwenye homa, mwenye kuhara, au aliyeanza jana tu kupona malaria, asicheze wala asilime juani. Mwili wake umekwisha kuwa na moto kabla ya kazi kuanza. Mama mjamzito apewe kivuli na maji kwanza. Tena mama alimaye na mtoto mgongoni akumbuke kwamba mtoto hupokea joto la mgongo wake juu ya joto la hewa. Afadhali amlaze kivulini karibu naye, chini ya ulinzi wa ndugu yake mkubwa.

NENO KWA WALIO NA MAMLAKA

Msimamizi wa kazi, mwalimu wa michezo, kiongozi wa vijana: neno hili lawahusu ninyi. Mtoto hawezi kumwambia mwalimu wake, “Nimeshindwa.” Ataona haya, au ataogopa kuitwa mvivu. Kibarua naye ataogopa kupoteza mshahara wa siku. Kwa hiyo si haki kungoja walalamike. Wewe uliye mkubwa ndiwe uamuru mapumziko, tena uwe wa kwanza kuketi kivulini, ili wadogo wasione haya.

Adhabu ya kukimbia kuzunguka uwanja wakati wa jua kali iachwe kabisa. Kadhalika kumnyima mchezaji maji ili “awe mgumu”. Huo si ugumu. Hata katika Kombe la Dunia la mwaka 2014, huko Brazili, waamuzi waliruhusiwa kusimamisha mchezo wakati wa joto kali ili wachezaji wanywe maji na kujipoza. Ikiwa wachezaji wa namna ile walisimama wakanywa, je, watoto wetu?

ISHARA ZA HATARI

Mara nyingi joto hutuma wajumbe kabla ya kuja lenyewe. Mjumbe wa kwanza ni maumivu ya misuli kukazana, hasa ya miguu na tumbo. Mjumbe wa pili ni uchovu mkubwa, kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na jasho jingi. Mtu wa namna hiyo aache kazi mara moja, alale kivulini, miguu iinuliwe kidogo, apunguziwe nguo, apewe maji na kupepewa. Hata akipata nafuu, asirudi kazini siku hiyo.

Adui mwenyewe, yaani pigo la joto, hutambulikana kwa jambo moja kuliko yote: akili hubadilika. Mtu husema maneno yasiyoeleweka, hugombana bila sababu, huyumba, hushikwa na degedege au kuzimia. Joto la ndani limepita digrii 40, na ubongo waanza kuungua. Msidanganyike na jasho. Wengi wamefundishwa kwamba aliyepigwa na joto huwa na ngozi kavu. Lakini mtu aliyeanguka akikimbia au akilima mara nyingi bado ametota jasho. Mtu aliyekuwa akifanya kazi nzito katika joto, akili yake ikivurugika, mfanyieni kama aliyepigwa na joto, wala msingoje kujua kama ni malaria au kifafa.

MAMA MWENYE NDOO

Sasa tujibu swali letu. Mama alikuwa na haki. Mzee alisema kwa mapenzi, naye aliyasikia maneno hayo kwa wazee wake, lakini yanaua. Madaktari wa michezo wana kanuni moja: poza kwanza, safirisha baadaye. Katika mbio za Falmouth, nchini Marekani, ambazo hufanyika mwezi wa Agosti, waliopigwa na joto hutumbukizwa papo hapo katika beseni kubwa za maji baridi. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2015 ilionyesha wagonjwa 274 walioponywa hivyo katika muda wa miaka 18. Hakuna hata mmoja aliyekufa.

Basi fanyeni hivi, bila kubishana:

1. Mpelekeni kivulini, mvueni viatu na nguo nzito. Mtu mmoja atumwe kutafuta motokari na kuita wauguzi, wengine wabaki.

2. Mtieni katika maji hadi shingoni, ikiwa lipo pipa, beseni kubwa au turubai lililoinuliwa pande zote na kujazwa maji. Kichwa kishikwe juu daima. Kama hamna, mmwagieni maji mwili mzima bila kukoma, huku mkimpepea kwa nguvu. Maji ya baridi sana ni bora, lakini maji yoyote mliyo nayo yatumike upesi.

3. Endeleeni mpaka akili imrudie au aanze kutetemeka kwa baridi. Kazi hii yote ilenge kumaliza joto kali ndani ya nusu saa ya kwanza.

4. Aliyezimia au asiyejifahamu asinyweshwe kitu chochote; mlazeni ubavu ili akitapika asipaliwe. Dawa za homa, kama aspirini na parasetamoli, hazilishushi joto la namna hii, nazo zaweza kumdhuru.

5. Akiisha kupozwa, mpelekeni hospitali, huku mkizidi kumlowesha njiani. Apelekwe hata kama amesimama na kusema amepona, kwa maana figo na ini zaweza kuwa zimeumia kwa siri.

Ikiwa kweli ni malaria au kifafa, maji hayatakuwa yamemharibia kitu. Ikiwa ni joto, maji yatakuwa yamemwokoa.

Wasomaji wapenzi, tahadhari kabla ya hatari. Kabla ya mchezo ujao wa shule, au kabla ya siku ya kubeba matofali pamoja, fanyeni mambo mawili tu. Wekeni pipa la maji chini ya mti ulio karibu na uwanja. Kisha mteueni mtu mmoja, mwanamume au mwanamke, ambaye kazi yake si kushangilia bali kuwatazama nyuso wale walio hodari kuliko wote. Na akisema “Huyu atoke,” atoke, hata kama timu inashindwa kwa bao moja.

Mchezo uliopotea utachezwa tena kiangazi kijacho.